Lango la Mwalimu wa Kiingereza

Mwalimu wetu wa Kiingereza hakuamini kwamba kuna kitu duniani kinachojivunja chenyewe. Ukimwambia kioo cha dirisha kimevunjwa, haangalii dirisha, anakuangalia wewe. Anavua miwani, anaipangusa kwa ncha ya tai, anaivaa tena, kisha anauliza swali lake: "By whom?" Na kwa kuwa ulimi wake ulikuwa wa huku kwetu, ambako b na p ni ndugu wa tumbo moja, swali lenyewe lilitoka likiwa "Pai whom?" Tulicheka huku tumeinamisha vichwa chini ya madawati. Lakini jibu tulilitoa, maana hakuendelea na somo mpaka amjue aliyevunja.

Shule yetu ilikuwa ya kutwa, imekaa juu ya kilima upande wa ndani wa Kapkatet, na chai imeizunguka hadi karibu na vyoo. Mvua huku hunyesha alasiri karibu kila siku, kwa hiyo Mwalimu alifika asubuhi amevaa viatu vya ngozi, na ikifika saa nane anahamia kwenye gumboots alizokuwa akizificha nyuma ya kabati la staffroom. Asubuhi tulifundishwa na bwana mkubwa, jioni na mkulima. Koti lake lilikuwa la kahawia, mifuko imejaa chaki iliyovunjwa vipande vipande. Ilivunjwa na nani, sikuthubutu kumuuliza.

Alisahihisha kwa biro ya kijani. Nyekundu, alisema, ni ya bucha. Chai alikunywa bila sukari, jambo ambalo kwetu linaweza kukufanya ushukiwe kuwa mgonjwa au bahili, naye alijitetea kwamba sukari inaficha majani mabaya. Alikuwa na sauti ya besi ambayo aliipenda kuliko tulivyoipenda sisi, na katika kwaya ya kanisa alisimama nyuma kabisa akimalizia kila wimbo baada ya wengine kunyamaza.

Kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa, walimu wengine huzifundisha kwa wiki moja wakapita. Yeye alizifundisha kwa miaka minne. Kila kitu alikigeuza kuwa mfano. Siku moja alikuja na pakiti ya majani ya chai, ile ya kuuzwa ng'ambo, sijui aliipata wapi. Imeandikwa kwa Kiingereza kizuri kwamba chai hiyo imechumwa kwa mkono. Akaizungusha darasani, dawati hadi dawati.

"Mkono," akasema. "Mkono gani? Mkono unatembea peke yake kwa shamba? Nani alichuma hii chai?"

Akamnyooshea kidole mmoja wetu.

"Wewe, mama yako anafanya kazi gani?"

"Anachuma chai, Mwalimu."

"Basi andika. My mother plucked this tea. Andikeni wote. Na mtu asiniletee ati was plucked."

Tuliandika. Nakumbuka mwenzangu wa dawati, ambaye mama yake alikuwa mchumaji wa kibarua katika mashamba ya watu, aliandika sentensi ile kwa herufi kubwa, akafunika daftari kwa mkono. Wakati huo nilimwona kichaa kidogo, Mwalimu huyu. Leo nikisimama kwenye foleni ya supamaketi na pakiti kama ile mkononi, naisoma, na mama yangu mzima ananijia na gumboots zake na aproni ya plastiki.

Hakuchagua wa kumuuliza. Alikuwa na redio ndogo staffroom, na mtangazaji akisema fedha za umma zimepotezwa, Mwalimu aliijibu redio kwa sauti: "By whom?" Mwalimu mkuu alibandika tangazo ubaoni kwamba kelele hazitavumiliwa. Kufikia saa nne kulikuwa na maneno mawili ya kijani chini yake, na sote tulijua biro ile ni ya nani. Mazishini, msomaji wa wasifu akifika pale pa kusema marehemu alipendwa na wote, Mwalimu aliguna kwa nguvu kiasi kwamba mkewe alimkanyaga mguu. Kanisani tu ndiko alikolegeza kamba. Mchungaji akisema tumebarikiwa, alitikisa kichwa akakubali. "Hapo," alituambia, "mtendaji anajulikana."

Kitu kingine alichokiruhusu kwa moyo mweupe kilikuwa kuzaliwa. "I was born. Hapo sina ubishi. Hakuna mtu anajizaa." Na mvua ya mawe. Mvua ya mawe ikipiga chai ikaiacha imechanika kama mboga iliyokatwa vibaya, alisema mtu ana haki ya kulia kwamba shamba lake limepigwa, bila kutaja jina la yeyote.

Msidhani alikuwa mtu wa kuwashika wengine tu. Alimchapa mvulana mmoja wa Form Three kwa kuiba chaki za rangi, enzi ambazo viboko vilikuwa bado kitu cha kawaida. Kesho yake ikagunduliwa kwamba chaki zilikuwa zimebebwa na mwalimu wa jiografia kuchorea ramani. Mwalimu mwingine angekohoa, akasema kulitokea makosa, akaendelea na somo. Wetu aliingia, hakusalimia, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: I beat the wrong boy. Ile I akaipigia mstari hadi chaki ikakatika. Kisha akamgeukia yule mvulana, akasema, "Mimi nilikuchapa bure. Nisamehe." Mvulana aliona haya kuliko siku aliyochapwa. Aliinuka nusu, akasema, "Sawa, Mwalimu," akaketi. Siku hiyo nilimpenda yule mzee, na kwa sababu hiyo yale yaliyokuja baadaye yaliniuma mno.

Lakini kwanza lazima niseme habari ya ng'ombe.

Shamba letu na boma la Mwalimu vinatazamana, kibonde kidogo katikati, ua wa kayaba ukiwa mpaka. Ng'ombe wake mmoja, mweusi mwenye tabia mbaya, alitoboa ua akaingia kwenye mahindi yetu yaliyokuwa yamefika kiunoni. Alikula mistari mizima. Mimi niliziona nyayo, nikaona na kinyesi, nikakimbia kumwambia Mama. Mama alinawa miguu, akajifunga leso safi, tukapanda kwa Mwalimu.

Tulikaribishwa chai. Wakaongea habari ya mvua, habari ya bei ya majani, habari ya mtoto wa fulani aliyeolewa Kapsoit. Mimi nachemka pembeni. Kikombe kilipofika nusu, Mama akasema, akiwa anaangalia mlango:

"Mwalimu, mahindi imeliwa huko chini."

Ni hivyo tu. Imeliwa. Nikamtazama Mwalimu, nikingojea avue miwani. Hakuivua. Aliweka kikombe chini taratibu, akasema:

"Mama, ni ng'ombe yangu."

"Basi," Mama akasema. "Tumalize chai."

Baada ya chai Mwalimu alichukua panga, akashuka nasi hadi kwenye ua, akaziba tundu kwa mikono yake mwenyewe, miiba ikimchoma. Tukarudi nyumbani, nami nikalipuka. Nilimuuliza Mama kwa nini hakusema wazi kwamba ng'ombe wa Mwalimu alikula mahindi yetu, mbona alizunguka kama mtu anayeomba chumvi.

"Wewe umesoma lakini hujui kuishi na watu," Mama alisema. "Nikisema mimi, nimemshika shingo. Hata akikubali ni kwa sababu nimemshika. Nikisema tu imeliwa, nimemwachia nafasi aseme mwenyewe. Mtu mzima anaachiwa hiyo nafasi."

"Na akinyamaza?"

"Akinyamaza, hiyo sasa ni mzigo yake. Ataibeba."

Hii ndiyo desturi ya kilima chetu, na sijaiona kwingine ikiwa na uzito kama huko. Ukiibiwa kuku, unamwambia jirani kuku ameenda. Ukitukanwa, unasema kuna neno lilisemwa. Kisha unangoja. Mwenye jambo anajitaja, anaziba tundu, mnakunywa chai nyumbani kwake, na jambo haliguswi tena hata mkigombana kwa mengine. Jumatatu iliyofuata nilimuuliza Mwalimu darasani, kwa ukorofi, kama "mahindi yameliwa" ni sentensi nzuri. Darasa zima lilijua ng'ombe wa nani. "Hiyo ni ya nyumbani," akasema. "Hapa tuko kwa mtihani. Kaa chini."

Sasa nije kwa fundi.

Chini ya shule, pale njia zinapokutana, kuna maduka machache yenye baraza moja refu, na kwenye baraza hilo palikuwa na fundi wa nguo aliyeshona sare za sisi sote. Alikuwa mtu wa kutoka upande wa Nyeri. Alikuja kabla sijazaliwa, akaoa, akazaa binti, akajifunza Kikipsigis hadi akawa anatukosoa sisi watoto tulipokiharibu. Mwalimu alikuwa rafiki yake mkubwa. Jumamosi ungewakuta pale, fundi akikanyaga cherehani, Mwalimu akimsomea gazeti na kulisahihisha kwa biro. Fundi alimwita Mwarimu, kwa ile r ya kwao, na Mwalimu hakumkosoa. Mimi tu nikikosea herufi moja nasimamishwa.

Ule mwaka wa fujo, baada ya kura, sitausimulia wote. Waliokuwepo wanaujua, na ambao hawakuwepo wamesikia ya kutosha. Nasema la lango pekee. Moshi ulipoanza kuonekana upande wa barabara kuu, fundi alikwenda kwa Mwalimu jioni, wakakubaliana: asubuhi atapandisha cherehani zake mbili na majora ya vitambaa kwa mkokoteni, Mwalimu aziweke stoo, fundi na mkewe na mtoto wajifiche huko kwenye chai hadi mambo yatulie. Asubuhi ile, kabla fundi hajafika, kundi la vijana lilipita nyumba hadi nyumba likisema yeyote atakayehifadhi mali ya mtu wa nje atachomwa pamoja nayo. Walipita kwa Mwalimu pia. Baadhi yao alikuwa amewafundisha.

Mama alikuwa shambani kwetu, ng'ambo ya kibonde. Alimwona Mwalimu akitoka, akipitisha mnyororo kwenye lango, akifunga kufuli, akirudi ndani. Kisha akamwona fundi akipanda na mkokoteni, mkewe akisukuma kwa nyuma. Fundi alipiga hodi. Mbwa alibweka, akamtambua, akanyamaza, akawa anatikisa mkia kwa upande wa ndani. Moshi ulikuwa ukitoka jikoni, watu walikuwemo. Fundi alipiga hodi tena na tena, Mama anasema hakupaza sauti, aliipiga kama mtu anayeleta maziwa. Kisha akaacha mkokoteni palepale, akamshika mkewe mkono, mtoto mgongoni, wakaingia kwenye chai wakapotea.

Mkokoteni uliteketezwa hapo langoni. Miguu ya chuma ya cherehani moja ilibaki, imeinama, na Mwalimu hakuiondoa. Nyasi ziliota katikati yake. Mtu akiuliza, aliambiwa chuma hicho kiliachwa.

Sisi hatukuwa na lango, tulikuwa na ua tu na miti miwili ya kuzuia ndama. Kama tungekuwa nalo, sijui. Kwa hiyo sijaja kumhukumu mtu. Ila nilikasirika, tena sana, na hasira yangu haikuwa ya siku ile. Mtu akiogopa, ameogopa. Hasira yangu ni ya miaka iliyofuata.

Maana fundi alirudi. Mambo yalipotulia kabisa alirudi na cherehani moja kuukuu, akakodi kipande kilekile cha baraza, akatundika vipimo vyake ukutani. Watu wa kilima walimletea nguo za kushona hata zisizohitaji kushonwa. Mwalimu alishuka siku ya kwanza ya soko akiwa amebeba mursik katika kibuyu, yale maziwa yetu ya kulala ambayo hupewi kama hutakiwi. Nilikuwepo, nimepeleka zipu. Walisalimiana kwa mikono miwili. Waliongea habari ya mvua. Waliongea habari ya bei ya majani, na habari ya binti wa fundi aliyekuwa sasa anasoma. Kisha fundi, akiwa anaangalia sindano, akasema:

"Mwarimu, siku ile gate ilifungwa."

Mwenye duka la sukari aliacha kupima. Kila mtu pale alikuwa ameshawahi kutumia maneno kama hayo au kuambiwa, na kila mtu alijua nafasi imeachwa, na ni ya nani. Fundi aliondoa miguu kwenye pedali akangoja.

"Ndiyo," Mwalimu akasema. "Ilifungwa."

Fundi alingoja kidogo zaidi. Kisha akarudisha miguu, cherehani ikaanza kulia, na kila mtu akakumbuka alichokuwa akifanya. Mimi nilitaka kupiga kelele. Nilitaka nivue miwani ambayo sina, nimuulize kwa sauti yake mwenyewe: by whom? Lakini huwezi. Nafasi ile haijazwi na mtu mwingine. Nilichukua zipu yangu nikaenda.

Ikawa hivyo mwaka baada ya mwaka. Shule zikifunguliwa mwezi wa kwanza, sare zikijaa barazani, Mwalimu alishuka na suruali ya kupunguzwa, na fundi alisema lile neno lake, wala si kwa uchungu, alilisema jinsi unavyomkumbusha mtu kwamba ameacha mwavuli. Gate ilifungwa. Na Mwalimu alijibu, ndiyo, ilifungwa. Wenye huruma walianza kusema huenda ni wale vijana waliofunga. Mwalimu aliyasikia hayo, hakuyakataa. Kinyozi hajinyoi, watu walisema, lakini mimi sikuona la kuchekesha. Mtu aliyeandika I ubaoni hadi chaki ikakatika alikuwa ameshindwa na mwanzo mmoja wa neno, ni- mahali pa i-, kwa lugha anayoinywa na chai.

Nilimuuliza Mama kwa nini. Alikuwa anachambua mboga.

"Ng'ombe ikikula mahindi, hiyo ni ndogo," alisema. "Unasema, inaisha. Hii ilikula mtu. Akisema, ataonana na yeye mwenyewe."

Walioendelea shuleni baada yangu waliniambia kwamba Mwalimu alibadilika. Kioo kikivunjwa alisema, "Haya, okoteni vipande." Swali lake alilibakiza kwa redio tu. Alistaafu kimya, akapewa saa ya ukutani na blanketi, na katika hotuba yake, wanasema, alishukuru kila mtu kwa jina hadi mpishi na mlinzi, kisha akasahau alichotaka kusema mwisho, akaketi.

Mimi nikaolewa, nikafungua duka la dawa za mifugo Kapsoit. Nikirudi kumwona Mama nilimsalimia Mwalimu akiwa ng'ambo ya ua, naye alinitania kwa cheo nisichokuwa nacho. "Daktari! Ng'ombe yangu inakohoa!" Nilijibu, nilicheka, nilimletea dawa ya minyoo. Lakini nilikuwa na kinyongo naye, na kinyongo cha mwanafunzi kwa mwalimu aliyempenda ni kitu kigumu, hakina pa kwenda.

Mwezi wa nane uliopita nilifika nyumbani nikakuta habari. Fundi anahama. Mkewe alikuwa ameshafariki, macho yamemwisha, na binti yake alikuwa amesema inatosha, aende akapumzike kwake huko Nyeri. Gari la kubeba vitu lingekuja Ijumaa. Ilikuwa Jumatano. Mama alinieleza hayo yote, kisha akatazama ng'ambo ya kibonde. Siku zilizobaki ni hizo.

Alasiri nikamkuta Mwalimu njiani. Amevaa gumboots. Lile koti la kahawia, au mtoto wa koti lile, amelikunja kwenye gazeti akalikumbatia kifuani. Jicho moja lilikuwa na ukungu mweupe. Mvua ilikuwa inaanza.

"Daktari," akasema, "nishike mkono. Njia ina utelezi."

Nikamshika. Tuliteremka polepole katikati ya chai, tukapita wachumaji waliokuwa wanakimbiza vikapu vyao kibandani kabla majani hayajalowa.

Barazani vitu vya fundi vilikuwa vimefungwa kwenye magunia. Cherehani peke yake ilikuwa bado wazi. Mvua ilipiga mabati kwa nguvu hadi ikabidi tukae karibu ili tusikilizane. Walisalimiana kwa mikono miwili. Mwalimu akafungua gazeti.

"Kifungo," akasema. "Kimelegea."

Fundi alitafuta uzi. Alijaribu kuupitisha kwenye tundu la sindano, akakosa, akajaribu tena, akanipa mimi bila kusema. Nikautia. Alishona kile kifungo kwa kupapasa, kidole gumba kikisoma kitambaa. Waliongea habari ya mvua. Waliongea habari ya baridi ya Nyeri na kama huko chai inapata majani mazuri kama ya kwetu, na Mwalimu akasema haiwezi. Fundi akafunga fundo. Hakuinua uso.

"Mwarimu," akasema, "siku ile gate ilifungwa."

"Ndiyo," Mwalimu akasema. "Ili..."

Akakwama. Nilimwona akivua miwani. Aliipangusa kwa ncha ya tai ambayo hakuwa ameivaa, alipapasa shati tu, akaivaa tena.

"Nilifunga," akasema.

Fundi aliacha sindano ndani ya kitambaa.

"Ni mimi nilifunga. Wale vijana walipita, walisema watachoma. Nikatoka nikafunga kwa mkono yangu. Ukakuja. Nilisikia hodi yako. Nilikuwa jikoni, nimeketi, nilisikia yote. Mke wangu aliniambia niende nifungue, nikamwambia anyamaze. Niliogopa. Miaka yote nimekuambia ilifungwa. Haikufungwa. Mimi nilifunga."

Sauti yake ya besi ilikuwa imekwisha, ilitoka nyembamba, na mimi niliyekuwa nimebeba hasira miaka yote hiyo nikajikuta nalia mbele ya wazee, nimeshika gazeti lililolowa. Fundi alikaa na koti magotini. Alikuwa anatikisa kichwa polepole. Halafu akachomoa sindano, akakata uzi kwa meno, akavuta kifungo kuona kama kimeshika.

"Basi," akasema.

Akamkunjia koti vizuri, mikono ndani, akampa.

"Nilikuwa nimeshaanza kuogopa nitaenda bila kusikia," akasema. "Cherehani nilisahau kitambo, Mwarimu. Chuma ni chuma. Ni wewe nilikuwa natafuta." Kisha akatazama mvua. "Chai nitakuja kunywa kwako. Ijumaa, kabla ya gari."

Tulipopanda, Mwalimu aliniachia mkono tulipofika kwenye boma lake. Aliniomba nimwitie kijana wa jirani mwenye nguvu na spana. Asubuhi ya Alhamisi kutoka kwetu tuliwaona wakilegeza bawaba, Mwalimu akielekeza kwa fimbo, lango likashushwa likalazwa kwenye nyasi. Ile miguu ya chuma ya cherehani aliing'oa mwenyewe, akaikung'uta udongo, akaiegemeza ukutani kwa nyumba. Mama alitazama akiwa ameshika kiuno. "Anaziba tundu," akasema, akarudi jikoni.

Ijumaa niliichelewesha safari yangu ya Kapsoit. Duka lingeweza kungoja. Hakukuwa na mvua bado. Fundi alipanda peke yake, polepole, koti la safari mwilini, fimbo mkononi. Alifika pale palipokuwa na lango. Njia ilikuwa wazi hadi mlangoni, hakukuwa na kitu cha kumzuia, nguzo mbili tu zimesimama. Angeweza kupita. Lakini alisimama katikati ya nguzo, akashika moja kwa mkono, na kutoka ng'ambo ya kibonde tulisikia, kwa sauti ileile ya mtu anayeleta maziwa:

"Hodi!"

Mwalimu alikuwa ameshatoka. Nadhani alikuwa amesimama kizingitini tangu alfajiri. Alishuka ngazi bila fimbo, akakosea moja, akajishika, akaja karibu anakimbia kwenye nyasi zenye umande.

"Karibu," alisema. "Karibu. Karibu, ingia."

Mbwa wa siku ile alikufa zamani. Huyu wa sasa hakumjua fundi, akabweka hadi wakaingia ndani.